Shangazi, mtihani wa Kichina nimefaulu lakini nikifika sokoni sielewi kitu

Shikamoo shangazi,

Naomba uisome barua yangu mpaka mwisho maana huku nilipo sina wa kumwambia. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Tanga ila nimekulia Ilala. Huu ni mwezi wa 14 niko Guangzhou. Mama mdogo ndo alinilipia nije kusoma lugha mwaka mmoja, ana duka la mikoba na viatu Kariakoo na alishachoka kupigwa na madalali, kwahiyo mpango ulikuwa nisome Kichina alafu niwe macho yake huku. Na nimesoma kweli shangazi. HSK ya 3, ule mtihani wao wa Kichina kwa wageni, nimefaulu, yale maneno 600 nayajua mpaka kuyaandika kwa mkono. Darasani mwalimu akiongea namuelewa na yeye ananielewa. Nikitoka tu getini ni kama nimeshushwa nchi nyingine kabisa, watu wanaongea sijui nini, nikiongea mimi wananiangalia alafu wanageukia simu zao.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki. Mwezi uliopita niliingia duka moja la jumla nikapenda mikoba, nikauliza bei, nikasikia kumi na nne. Muuzaji akanyoosha kalkuleta anionyeshe nikamkatalia, nikamwambia naelewa, nlitaka ajue kwamba mimi lugha naijua. Nikaweka oda ya mikoba 200, nikaacha yuan 1,000, kwa hesabu yangu zimebaki 1,800. Siku ya kuchukua mzigo naambiwa zimebaki 7,000. Kumbe alisema arobaini. Nikaomba hela yangu wakakataa, wakawa wanagonga gonga risiti na kidole. Mama mdogo bado sijamwambia.

Alafu kuna mama mwenye nyumba. Napanga chumba huku Sanyuanli, yeye anakaa chini mlangoni kwenye kiti cha plastiki anachambua mboga kutwa nzima. Kila nikipita: umekula? unaenda wapi? umenunua nini hicho, shilingi ngapi? una mume? kwa mwezi unapata hela kiasi gani? Yani kila siku shangazi, nahojiwa kama niko polisi. Mwisho nikaanza kuvaa spika za masikioni nikishuka ngazi nijifanye naongea na simu.

Kaka yangu mmoja wa ukoo yuko huku mwaka wa sita hajui Kichina zaidi ya "bei gani" na maisha yanaenda, ananiambia achana nacho, simu inatafsiri kila kitu. Rafiki yangu yeye anasema nihamie Beijing nisome mwaka mwingine maana huko ndo wanaongea Kichina safi. Hela ya Beijing inabidi nimuombe mama mdogo tena. Nifanyeje? Au mimi kichwa changu sio cha lugha?

Wako,
Binti wa Mzigo, Guangzhou


Marahaba mwanangu. Nimeisoma mara mbili. Mimi nimekaa Yiwu, ule mji wa masoko ya jumla, miaka mitatu na Guangzhou minne, nimesimamia mizigo ya watu na ya kwangu, kwahiyo hicho kiti cha plastiki mlangoni nakiona kabisa.

Tuanze na hela. Mama mdogo mpigie leo, usilale nayo. Zaidi ya laki tatu ya dukani kwake imekwama na yeye ndo mwenye mali, akija kusikia kwa mtu mwingine atakachokumbuka ni kwamba ulimficha. Ukishamaliza kuongea nae chukua ile risiti uiangalie vizuri, maana huenda hela haijapotea. Kuna maneno mawili yote yanatamkwa dìngjīn, toni zilezile, yani sauti inapanda na kushuka vilevile, ukisikia kwa sikio hata Mchina mwenyewe hawezi kuyatofautisha, tofauti iko kwenye maandishi tu. Moja ni 定金, ile herufi ya kwanza ina kama kipaa cha nyumba juu yake. Nyingine ni 订金, haina paa, ina kialama kushoto. Yenye paa ni amana ya kisheria, ukighairi wewe mnunuzi imekwenda, akighairi muuzaji anakurudishia mara mbili, na sheria yao hairuhusu izidi asilimia 20 ya thamani ya oda. Isiyo na paa ni malipo ya awali tu na kawaida oda ikivunjika inarudi. Kama risiti yako haina paa, rudi pale na mtu mzima anayejua lugha, ongeeni kwa upole bila kelele. Kama ina paa, jaribu kuomba ile 1,000 ihamie kwenye mzigo mwingine wa bei unayoiweza, wauzaji wengi wanakubali hilo kuliko kutoa hela mkononi.

Sasa hiyo kumi na nne yako. Darasani umefundishwa kumi na nne ni shísì na arobaini ni sìshí, sawa? Lakini watu wa kusini wengi hawapindi ulimi kwenye sh, kwao shí inakuwa sí, kwahiyo hizo namba mbili zikitoka mdomoni mwa muuzaji wa Guangzhou zinabaki sísì na sìsí, kinachozitenganisha ni toni peke yake, na hapo kuna kelele za mikokoteni na watu wanavuta selotepu pembeni. Mimi mpaka leo sikubali bei ya nne na kumi kwa sikio. Uliza namba moja moja: yī sì, háishi sì líng? Yani moja nne au nne sifuri. Alafu angalia mkono wake maana wana ishara za mkono mmoja kuanzia moja mpaka kumi, sita ni kidole gumba na cha mwisho, nane ni gumba na cha shahada, hizo zijue kabla hata ya maneno mengine. Alafu kalkuleta. Wachina wenyewe kwa wenyewe wanaonyeshana kalkuleta mchana kutwa, ile sio dharau na haimaanishi hujui lugha, ndo heshima ya biashara yenyewe. Na ukienda kununua mboga kumbuka bei iliyoandikwa pale ni ya jīn, ambayo ni nusu kilo, wengi wetu tunapigia hesabu kilo alafu tunaona mizani inatuibia.

Kingine ambacho mwalimu sijui kama alikwambia. Sisi Waswahili tukiuliza tunapandisha sauti mwishoni. "Umekula" na "umekula?" neno ni lilelile, sauti ndo inauliza. Sasa ukiibeba tabia hiyo ukaingia nayo kwenye Kichina unaharibu toni ya neno la mwisho kila unapouliza swali, na wewe kazi yako ni maswali asubuhi mpaka jioni. Kununua ni mǎi, sauti inashuka chini inazama. Kuuza ni mài, inadondoka kwa nguvu kama unamfukuza kuku. Ukiliminya au ukilivuta umesema lingine, ndo maana wanageukia simu zao. Wao swali wanaliweka kwenye maneno, ma mwishoni, au wanarudia kitendo, mài bu mài, unauza huuzi. Acha maneno yaulize, sauti iache palepale ilipofundishwa. Na usiniambie kichwa chako sio cha lugha, toni unazo tangu utotoni: mtu akikuita unasema "mmh?", ukikubali "mmh", ukikataa "mh-mh", ukishangaa "mmmh!", mdomo hujafungua na kila mtu kaelewa. Sikio unalo.

Na usiwaze kwamba wewe ndo mjinga kwa kutoelewa watu wa nje. Darasani umesikia Kichina cha mtangazaji. Dukani pale muuzaji katoka Hunan, n na l zinabadilishana na h inakuwa f, jirani yake katoka Sichuan, mwenye nyumba wako ni mtu wa Guangzhou kwahiyo nyumbani anaongea Kikantoni ambacho ni kingine kabisa. Fikiria mgeni aliyesoma Kiswahili cha kitabuni alafu anashushwa Kariakoo saa nne asubuhi, kila mtu na l na r yake, na huyu anamwambia "niaje" ambayo kwenye kitabu haimo. Anahitaji muda tu na watu walewale awasikie kila siku.

Ndo tunafika kwa mama mwenye nyumba, na hapa mwanangu nakuomba unisikilize sana kwasababu naona umemkimbia mwalimu bora uliyenae na hakulipishi hata senti.

Chī le ma, umekula? Ile ni salamu. Hataki kujua ulikula nini. Unaenda wapi nayo ni salamu, jibu lake ni "natoka mara moja", chūqù yíxià, basi, hajauliza mtaa. Nauliza, kwenu Tanga ukipita barazani kwa bibi yeyote utapita kimya? Atakuuliza umeamkaje, mama hajambo, watoka wapi, huo mzigo umebeba nini, na lini utatuletea mkwe. Ukivaa vitu masikioni ukapita, jioni habari iko kwa mama yako kwamba mtoto hana adabu. Huyu mama wa Sanyuanli anafanya kilekile ulicholelewa nacho, ila kwasababu kinakuja kwa lugha usiyoizoea umekisikia kama mahojiano. Wapo wenye dharau, sikufichi, Yiwu kuna mtu alinikatalia chumba nimeshafika mlangoni na begi, aliponiona tu. Yule hakuniuliza kama nimekula.

Majibu yako kabisa na yanafanana na ya kwetu. Akiuliza hela unayopata, mwambie gòu chīfàn, ya kula inatosha. Akiuliza mume, mwambie yuánfèn hái méi dào, yani bahati ya kukutana haijafika, ambayo ni sawasawa na sisi tukisema Mungu hajajalia bado, na atatikisa kichwa kukubali kama bibi yako. Ukipita mfagiaji anafagia au dereva kakushusha, unasema xīnkǔ le. Hiyo ni "pole na kazi" mwanangu, kavu kavu. Wenzetu wanaotoka kwenye Kiingereza wanahangaika sana na neno hilo wanakuwa hawajui wakati wa kulisema, sisi tunalisema tangu tunajifunza kutembea. Mgeni akiondoka wanamwambia màn zǒu, tembea taratibu. Kwetu hilo halihitaji maelezo.

Na majina ya ukoo ndo kabisa. Siku moja Yiwu nilikuwa namuonyesha mama mmoja muuza mboga picha za harusi ya kwetu kwenye simu, nikamuonyesha mzee mmoja nikasema huyu shūshu, maana nlikuwa najua shūshu ni kama "anko". Akaniuliza, wa upande wa baba au wa mama? Nikasema ndugu yake mama. Akanikatiza kwa sauti watu wakageuka: "Nà shì jiùjiu!" Yule ni jiùjiu! Nikasimama pale na fungu langu la mboga mkononi, ndo nikaelewa. Jiùjiu ni mjomba. Shūshu ni baba mdogo, bóbo ni baba mkubwa, gūgu ni shangazi, dàyí ni mama mkubwa, na huyo anayekulipia wewe ni xiǎoyí, mama mdogo. Nlikuwa nimeyakariri yote kupitia Kiingereza, ambacho kina anko na anti basi, nikayaona magumu miezi mingi, na kumbe yalikuwa yamekaa kwenye Kiswahili changu yananisubiri. Tangu siku ile neno jipya nalitafuta kwanza kwetu. Mwambie huyo mama mwenye nyumba kwamba hii mikoba ni ya xiǎoyí wako uone atakavyokuuliza, na wewe utakavyokuwa na cha kujibu.

Anachambua mboga, umesema. Mboga gani? Hukuangalia, na ungeangalia ungeona mambo. Kiangazi chao Guangzhou imejaa mchicha, unaitwa xiàncài, kuna wa kijani na kuna wenye wekundu unaotia wali rangi ya waridi. Matembele yapo fungu kwa fungu, wanaita fānshǔ yè, wanayakaanga na vitunguu swaumu moto mkali dakika mbili tu, na wanayapenda. Mimi siku ya kwanza kuyaona niliyashika nikanusa nikaona niko nyumbani. Nikamuuliza muuzaji zhège zěnme chǎo, hii inakaangwaje, sentensi maneno matatu, alinieleza dakika tano na mikono juu, nikaambulia mafuta na chumvi. Wiki iliyofuata nikarudi kwake yeye yeye, nikauliza tena swali lilelile, nikapata na kitunguu swaumu. Mwezi wa pili ananiwekea majani ya vitunguu bure kwenye mfuko kama nyongeza na ananiuliza juzi mbona sijaonekana. Namuelewa. Wengine wote sokoni bado siwaelewi ila yeye namuelewa, alafu kutoka kwake nikaanza kuwaelewa majirani zake, mmoja mmoja.

Kwahiyo fanya hivyo. Chagua watu watatu. Mama mwenye nyumba, muuza mboga mmoja, na muuzaji mmoja wa mikoba. Usizunguke masoko yote ukiuliza bei mara mia kwa watu mia, utabaki na "bei gani" kama huyo kaka yako. Kwa muuzaji wa mikoba, akiwa na kile kimeza cha chai na vikombe vidogo kama vifuniko vya soda, hasa hawa wenye asili ya Chaoshan, mashariki ya mkoa huu wa Guangdong, ukikaribishwa kaa. Usikimbilie bei. Akikumiminia gonga meza taratibu kwa vidole viwili, huku Guangdong ndo asante ya chai, mdomo hauhitajiki. Kunywa, ataongeza, gonga tena. Pale ndo utasikia neno la bidhaa iliyopo stoo, xiànhuò, na la sampuli, yàngpǐn, na utasikia analalamika kuhusu kodi ya fremu kama wanavyolalamika Kariakoo, na utajua huyu ni mtu wa kumuamini au sio. Simu haikuletei hayo. Simu itumie kwenye kusoma maandishi na mikataba, huko inasaidia kweli, ila ukiiweka katikati yako na mtu wote wawili mnaangalia kioo.

Usiku rudia sentensi tatu ulizozisikia mchana, zima zima, na sauti ya aliyezisema. Usiandike neno moja moja. Mimi nlikuwa najirekodi alafu asubuhi namsikilizisha muuza mboga, akicheka najua toni imeenda upande, ananirekebisha, tunaendelea.

Punguza pia kula Xiaobei, kule mtaani kwa Waafrika, kila siku. Najua ugali na samaki wa pale unavyokuita na kuna siku utauhitaji kwa ajili ya roho yako, ila mchana wote ukiwa na Waswahili wenzako hicho Kichina kitaingilia wapi?

Beijing usiende. Sio mji mbaya, na Kichina chao kweli kiko karibu zaidi na cha kitabuni, wanavingirisha r mwishoni mwa maneno utapenda kuwasikiliza. Lakini mikoba ya mama mdogo iko Guangzhou, wauzaji wake ni hawahawa wasiopinda ulimi, na hela ya mwaka mzima wa ada ni mzigo wa mikoba mingapi, mpigie hesabu mwenyewe. Kama unataka darasa tafuta la jioni hapohapo, siku mbili kwa wiki, uende nalo mpaka HSK ya 4 taratibu, huku mchana unafundishwa na mtaa.

Na vile vya masikioni viache chumbani. Kesho ukishuka ngazi usisubiri akuulize, muanze wewe: Āyí, zǎo! Chī le ma? Au kama unataka kumfurahisha kabisa mpe ya Kikantoni, sik zo faan mei a. Alafu chuchumaa hapo pembeni ya kiti, chukua fungu moja la mboga uchambue nae, na umuulize hii inaitwaje.

Shangazi